Nakala Moja ya Jeni Inapopotea: Somo Kutoka Saratani ya Jicho la Mtoto

Chukulia mama aliyempakata mtoto wake wa miezi 9 wakati wa jioni, taa ikiwa ubavuni. Mtoto anapogeuza kichwa, mama anaona ndani ya mboni ya jicho la kushoto mng'ao mweupe, mithili ya jicho la paka linapomulikwa gizani. Asubuhi, kwenye mwanga wa jua, mng'ao huo hauonekani. Bibi wa mtoto anasema ni jambo la kupita. Jirani anashauri matone ya macho kutoka duka la dawa. Wiki zinapita, kisha miezi. Mama anapofika hospitali ya rufaa na kuelezwa kwamba mtoto ana retinoblastoma, yaani saratani inayoanzia katika retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, anauliza maswali matatu. Je, mtoto atapona? Je, ugonjwa huu umetoka kwangu au kwa baba yake? Je, mdogo wake atakayezaliwa naye ataugua?

Swali la kwanza hujibiwa kwa kutazama ni mapema kiasi gani ugonjwa umegunduliwa. Mawili yaliyobaki hayawezi kujibiwa bila kuelewa jambo moja la msingi katika elimu ya urithi: nini hutokea pale seli inapopoteza nakala moja ya jeni kati ya mbili ilizopewa na wazazi. Somo hili linaeleza jambo hilo, kisha linaonyesha jinsi linavyomwongoza mhudumu wa afya na familia katika maamuzi yao.

Nakala mbili za kila jeni

Ndani ya kiini cha takribani kila seli ya mwili wa binadamu mna kromosomu 46, zilizopangwa katika jozi 23. Katika kila jozi, kromosomu moja ilitoka kwa mama kupitia yai na ya pili kwa baba kupitia mbegu. Jeni ziko ndani ya kromosomu hizo, nazo ni maagizo ambayo seli huyasoma ili kutengeneza protini. Jeni za namna hiyo ni takribani 20,000. Kwa kuwa kromosomu ziko mbili mbili, karibu kila jeni nayo ina nakala mbili, ya mama na ya baba. Jeni nyingi za kromosomu X kwa mwanamume haziingii katika kanuni hii, kwani yeye ana X moja tu.

Nakala moja huweza kupotea kwa njia nyingi. Kipande cha kromosomu huweza kukatika na kutoweka pamoja na jeni iliyomo. Herufi moja ya maagizo huweza kubadilika na kuifanya protini isikamilike. Kromosomu nzima huweza kupotea seli inapogawanyika. Wakati mwingine jeni ipo, ila imefungwa kwa alama za kikemikali hata isiweze kusomwa. Kwa seli, matokeo ya njia zote hizi ni mamoja: palipokuwa na nakala mbili zinazofanya kazi, imebaki moja.

Kinachofuata hutegemea kazi ya jeni yenyewe. Kuna hali tatu zinazopaswa kutofautishwa.

Katika hali ya kwanza, nakala moja inatosha maisha yote. Mfano ulio karibu na wasomaji wa Afrika Mashariki ni ualbino. Aina ya ualbino iliyo ya kawaida zaidi katika ukanda huu hutokana na hitilafu katika jeni iitwayo OCA2, na mara nyingi hitilafu hiyo ni kukatika kwa kipande cha jeni. Mtu aliyepoteza nakala moja ya OCA2 ana rangi ya kawaida ya ngozi wala hajui kwamba amebeba hitilafu. Ualbino hutokea pale tu mtoto anaporithi nakala yenye hitilafu kutoka kwa kila mzazi.

Katika hali ya pili, nakala moja haitoshi tangu mwanzo. Jeni iitwayo PAX6, iliyoko katika kromosomu ya 11, huongoza ujenzi wa jicho mimba inapokua. Nakala zake mbili zinahitajika ili protini ipatikane kwa kiwango cha kutosha. Mtoto aliyepoteza moja tu huzaliwa bila ile duara yenye rangi inayozunguka mboni, au akiwa na sehemu yake ndogo. Hali hii huitwa aniridia. Hapa hakuna kusubiri: upungufu huonekana tangu kuzaliwa.

Hali ya tatu ndiyo kiini cha somo hili. Nakala moja inatosha, seli inafanya kazi yake vizuri, mtoto anazaliwa akiwa mzima. Lakini kinga imebaki nyembamba, na siku nakala ya pili inapopotea katika seli moja tu, ugonjwa huanza. Hivyo ndivyo ilivyo kwa jeni za kuzuia saratani, na ya kwanza kati ya hizo kueleweka vyema ilikuwa RB1, jeni ya retinoblastoma.

Kazi ya jeni ya RB1

Jeni ya RB1 iko katika kromosomu ya 13, nayo ilitambuliwa na kutengwa mwaka 1986. Protini yake huitwa pRB. Kazi yake iliyo wazi zaidi ni kulinda lango ambalo seli hulipita kabla ya kunakili DNA yake ili igawanyike. Protini hii huzishika na kuzizuia protini nyingine, za kundi liitwalo E2F, zenye uwezo wa kuwasha jeni za kugawanyika. Mwili unapohitaji seli mpya, vimeng'enya maalumu huongeza fosfati juu ya pRB, nayo huachia E2F, lango likafunguka. Haja ikiisha, fosfati huondolewa na lango hufungwa tena.

Seli yenye nakala moja nzima ya RB1 bado hutengeneza pRB ya kutosha kulinda lango hilo. Isiyo na nakala hata moja haina mlinzi. Katika retina ya mtoto inayokua, seli iliyofikia hali hiyo huendelea kugawanyika wakati ilipopaswa kukomaa na kuanza kazi ya kuona. Kadiri inavyogawanyika, ndivyo inavyokusanya hitilafu nyingine, hadi uvimbe wa saratani unapotokea.

Hapa ndipo tofauti kati ya RB1 na OCA2 inapodhihirika. Mtu aliyebeba hitilafu moja ya OCA2 naye huweza kupoteza nakala ya pili katika seli moja ya ngozi. Lakini seli moja isiyotengeneza rangi, ikiwa katikati ya mamilioni yanayoitengeneza, haidhuru kitu wala haionekani. Seli moja isiyozuiwa kugawanyika, kwa upande wake, huzaa mamilioni ya seli zinazofanana nayo. Ndiyo maana hatari ya kupoteza nakala moja haipimwi tu kwa kuuliza iliyobaki inatosha kiasi gani. Ni lazima pia kuuliza: itakuwaje ikiwa hata hiyo itapotea katika seli moja?

Mapigo mawili

Wazo hili lilitolewa kabla jeni yenyewe haijajulikana. Mwaka 1971 daktari wa Marekani, Alfred Knudson, alichapisha uchambuzi wa wagonjwa 48 wa retinoblastoma. Aliona kwamba watoto walioathirika macho yote mawili waligunduliwa wakiwa na umri mdogo zaidi, na mara nyingi walikuwa na vivimbe kadhaa. Walioathirika jicho moja kwa kawaida walikuwa na umri mkubwa zaidi na uvimbe mmoja. Kwa hesabu, Knudson alionyesha kwamba tofauti hiyo ingeelezeka iwapo saratani hii huhitaji matukio mawili. Maelezo hayo yalikuja kujulikana kama nadharia ya mapigo mawili.

Mtoto wa kundi la kwanza huzaliwa akiwa tayari amepata pigo moja. Nakala moja ya RB1 ina hitilafu katika kila seli ya mwili wake, kwa kuwa hitilafu hiyo ilikuwemo katika yai au mbegu. Kila seli ya retina yake imebakiza hatua moja tu. Seli za retina zinazogawanyika ni nyingi mno, hivyo uwezekano kwamba baadhi yake zitapata pigo la pili ni mkubwa, tena mapema, na katika macho yote mawili.

Mtoto wa kundi la pili huzaliwa na nakala zote mbili zikiwa nzima. Ili augue, seli ileile moja lazima ipoteze nakala ya kwanza, kisha ya pili. Tukio kama hilo ni nadra. Likitokea, hutokea mara moja, katika jicho moja, na huchukua muda zaidi. Kwa wastani watoto wa kundi la kwanza hugunduliwa wakiwa na umri wa takribani mwaka 1, na wa kundi la pili takribani miaka 2. Baada ya miaka 5 ugonjwa huu huwa nadra, kwa sababu seli za retina zimeshaacha kugawanyika.

Nakala ya pili hupotea vipi?

Mwaka 1983 watafiti walilinganisha DNA ya damu na ya uvimbe kutoka kwa wagonjwa walewale. Katika damu waliona alama za kromosomu zote mbili za 13, ya mama na ya baba. Katika uvimbe, mara nyingi alama za mzazi mmoja hazikuwepo. Seli ya saratani ilikuwa imepoteza sehemu ya kromosomu iliyobeba nakala nzima na kubaki na ile yenye hitilafu. Hali hiyo huitwa kupotea kwa utofauti wa nakala: palipokuwa na nakala mbili zinazotofautiana, sasa pana aina moja tu.

Njia za kufikia hapo ni kadhaa. Seli inapogawanyika, kromosomu yenye nakala nzima huweza kuachwa nje, na pengine seli hujaza pengo kwa kunakili ile yenye hitilafu, ikawa na kromosomu mbili zinazofanana. Kromosomu mbili za jozi huweza pia kubadilishana vipande vibaya, seli mojawapo ikatoka na hitilafu pande zote mbili. Wakati mwingine pigo la pili ni hitilafu mpya ndogo, au nakala nzima kufungwa isisomwe.

Jambo hili huondoa utata unaowasumbua wanafunzi wengi. Katika mti wa ukoo, retinoblastoma ya kurithi huonekana kupita kutoka mzazi hadi mtoto kwa uwezekano wa nusu, kama ugonjwa unaohitaji nakala moja tu yenye hitilafu. Ndani ya seli, hata hivyo, nakala zote mbili lazima zipotee. Kauli zote mbili ni za kweli. Kinachorithiwa ni pigo la kwanza, yaani uwezekano mkubwa wa kuugua. Pigo la pili halirithiwi. Hutokea ndani ya mwili wa mtoto. Na kwa kuwa hutokea karibu kila mara, zaidi ya watoto 90 kati ya 100 waliorithi hitilafu iliyo kamili ya RB1 huugua.

Ipo pia njia ya kumwondoa mlinzi bila kupoteza jeni. Virusi vya HPV vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi vina protini iitwayo E7, ambayo huikamata pRB na kuifanya iharibiwe. Nakala zote mbili za RB1 zimo, zinasomwa, lakini kazi yake haifanyiki. Chanjo ya HPV inayotolewa kwa wasichana huzuia, pamoja na mambo mengine, kulemazwa kwa mlango huuhuu wa seli.

Majirani wawili katika kromosomu ya 11

Mfano mmoja unaweka hali ya pili na ya tatu kando kwa kando. Karibu na PAX6 katika kromosomu ya 11 iko jeni nyingine, WT1, inayohusika na ujenzi wa figo na kuzuia uvimbe wa Wilms, saratani ya figo ya watoto. Ikiwa kipande kilichokatika ni kirefu, jeni zote mbili hupotea kwa pamoja upande mmoja. Kupotea kwa PAX6 huonekana siku ya kwanza, kwa kuwa mtoto huzaliwa na aniridia. Kupotea kwa WT1 mara nyingi hakuonekani kwa urahisi. Uvimbe wa figo hautokei hadi nakala ya pili itakapopotea katika seli mojawapo.

Funzo kwa mhudumu ni wazi. Mtoto aliyezaliwa na aniridia, hasa asiye na mzazi mwenye hali hiyo, asiishie katika kliniki ya macho. Anahitaji kipimo cha jeni pale kinapopatikana. Kama hakipatikani, au kikionyesha kwamba WT1 nayo imepotea, apimwe figo kwa ultrasaundi kila baada ya miezi michache katika miaka yake ya mwanzo. Jicho limetoa taarifa ya figo mapema.

Maana yake kwa familia

Retinoblastoma humpata takribani mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa hai. Kati ya wagonjwa 100, takribani 40 wana hitilafu iliyomo katika mwili mzima, na waliosalia wanayo katika seli za uvimbe pekee. Mtoto aliyeathirika macho yote mawili huhesabiwa kuwa na hitilafu ya mwili mzima. Aliyeathirika jicho moja huenda naye akawa nayo, kwani takribani 15 kati ya 100 wa kundi hilo wanayo. Kwa hiyo jicho moja pekee si hakikisho kwamba ugonjwa si wa kurithishwa.

Watoto wengi wenye hitilafu ya mwili mzima hawana mzazi wala ndugu aliyewahi kuugua. Hitilafu ilizuka upya, mara nyingi wakati mbegu ya baba ilipokuwa ikitengenezwa. Haikusababishwa na chakula alichokula mama, wala kazi aliyofanya akiwa mjamzito, wala laana, wala uchawi, wala kosa la baba. Kunakili DNA ni kazi inayofanyika mara nyingi mno katika mwili, na makosa machache hayaepukiki. Mhudumu anapaswa kusema hivyo waziwazi, mbele ya wazazi wote wawili, kwa sababu lawama huvunja familia wakati mtoto anapoihitaji zaidi.

Uwezekano kwa watoto wengine hutofautiana. Mzazi aliyeugua macho yote mawili ana uwezekano wa 50 kati ya 100 wa kumrithisha kila mtoto wake hitilafu hiyo. Aliyeugua jicho moja, na ambaye hajapimwa jeni, ana uwezekano wa takribani 7 hadi 8 kati ya 100. Wazazi wasio na ugonjwa ambao mtoto wao ameathirika macho yote mawili wana uwezekano mdogo zaidi kwa mtoto anayefuata, takribani 5 kati ya 100. Uwezekano huo upo kwa sababu mzazi anaweza kubeba hitilafu katika sehemu tu ya seli zake, zikiwemo za uzazi, bila yeye mwenyewe kuugua.

Kipimo cha jeni hutumia damu ya mtoto na, inapowezekana, kipande cha uvimbe. Hitilafu ikipatikana katika damu, ndugu na wazazi hupimwa kwa hitilafu hiyohiyo. Ndugu asiye nayo huachiliwa asifanyiwe uchunguzi wa mara kwa mara chini ya dawa ya usingizi. Mahali ambapo kipimo hakipatikani, kila mdogo wa mgonjwa na kila mtoto wa aliyepona huchukuliwa kuwa yuko hatarini. Mtoto aliye katika hatari kubwa huchunguzwa macho tangu wiki za kwanza za maisha, kila baada ya wiki 2 hadi 4 mwanzoni, kisha kwa vipindi vinavyozidi kurefuka hadi takribani umri wa miaka 7.

Kuna jambo moja zaidi. Aliyebeba hitilafu ya mwili mzima amebakiza nakala moja ya RB1 si katika retina tu, bali katika mifupa, misuli na ngozi pia. Baada ya kupona jicho, bado ana uwezekano ulio juu kuliko wa wengine wa kupata saratani ya mifupa, ya tishu laini au ya ngozi aina ya melanoma miaka ya baadaye. Mionzi huongeza uwezekano huo, hasa ikitolewa kabla ya umri wa mwaka 1, na kwa sababu hiyo madaktari hujitahidi kuepuka tiba ya mionzi kwa watoto hawa pale njia nyingine zinapofaa. Kijana aliyepona retinoblastoma akilalamika maumivu ya mfupa yasiyoisha au uvimbe mpya, asipewe dawa za maumivu na kurudishwa nyumbani bila kuchunguzwa.

Wajibu wa mhudumu wa ngazi ya msingi

Dalili inayoonekana mara nyingi zaidi ni mng'ao mweupe ndani ya mboni. Wazazi huuona kwenye mwanga hafifu au katika picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga wa ghafla, ambapo jicho moja huwa jekundu na lingine jeupe. Ya pili ni makengeza. Nyingine ni jicho jekundu lenye maumivu na kupungua kwa uoni. Jicho lililotokeza nje ni dalili ya kuchelewa.

Uchunguzi wa awali hauhitaji mashine kubwa. Chumba kiwe na mwanga hafifu, mtoto apakatwe, na mhudumu amulike macho yote mawili kwa ofthalmoskopu akiwa umbali wa takribani urefu wa mkono. Mwako unaorudi kutoka retina hutofautiana kidogo kati ya mtoto na mtoto, hivyo lililo muhimu ni kulinganisha jicho na jicho. Mwako mweupe, uliofifia upande mmoja, au usioonekana kabisa unahitaji rufaa ya haraka kwa daktari bingwa wa macho. Haraka hapa maana yake ni siku, si miezi. Kauli ya mama kwamba ameona mng'ao inatosha kuwa sababu ya rufaa, hata kama mhudumu mwenyewe hakuuona.

Jicho linaloshukiwa kuwa na retinoblastoma lisichomwe sindano ili kuchukua kipimo, kwani kufanya hivyo huweza kusambaza seli za saratani nje ya jicho. Uvimbe mdogo huweza kutibiwa kwa leza, kwa kugandishwa au kwa dawa za saratani, jicho likabaki. Uvimbe mkubwa uliojaza jicho mara nyingi hulazimu jicho kuondolewa, na uamuzi huo ndio unaowashtua wazazi wengi hadi wakaondoka hospitalini. Waelezwe kwamba jicho hilo kwa kawaida halioni tena, kwamba kuliondoa wakati saratani ingali ndani yake huokoa maisha, na kwamba mtoto atawekewa jicho la bandia. Kuzungumza na mzazi ambaye mtoto wake amepitia njia hiyo mara nyingi hufaa kuliko maneno mengi ya wataalamu. Jicho lililoondolewa lipelekwe patholojia, ili ijulikane kama saratani imefika katika neva ya macho na kama dawa zaidi zinahitajika.

Kuchelewa kuna gharama inayopimika. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2020, uliohusisha watoto zaidi ya 4,000 waliogunduliwa mwaka 2017 katika nchi zaidi ya 150, ulionyesha kwamba umri wa kati wakati wa kugunduliwa ulikuwa takribani miezi 14 katika nchi za kipato cha juu na takribani miezi 30 katika nchi za kipato cha chini. Hitilafu ya jeni ni ileile na uvimbe ni uleule. Kinachotofautiana ni miezi inayopita kati ya siku mama anapouona mng'ao na siku daktari anapoutazama. Katika nchi za kipato cha juu zaidi ya watoto 95 kati ya 100 huishi. Penye kuchelewa, wengi hufika saratani ikiwa imeshatoka nje ya jicho.

Majibu kwa mama

Sasa maswali ya mama yanaweza kujibiwa. Je, mtoto atapona? Ikiwa saratani ingali ndani ya jicho, uwezekano ni mkubwa sana, hata kama jicho lenyewe litapotea. Je, umetoka kwangu au kwa baba yake? Huenda haukutoka kwa yeyote kati yenu, na hata kama hitilafu ilirithiwa, hakuna aliyeichagua. Je, mdogo wake ataugua? Huenda asiugue, lakini aletwe achunguzwe tangu wiki za kwanza, kwani uvimbe ukionekana ukiwa mdogo, jicho lake na uhai wake vyote vinaweza kuokolewa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mtu aliyebeba hitilafu moja ya jeni ya ualbino haugui, ilhali aliyebeba hitilafu moja ya RB1 yuko katika hatari kubwa?
2. Mtoto wa miaka 2 ameathirika jicho moja, na hakuna mgonjwa mwingine katika ukoo. Je, mdogo wake anahitaji kuchunguzwa?
3. Kwa nini mtoto mwenye aniridia huweza kuhitaji kupimwa figo?

*Majibu.* (1) Seli moja iliyopoteza nakala zote mbili za jeni ya rangi haina madhara, lakini seli moja iliyopoteza nakala zote mbili za RB1 huweza kugawanyika bila kizuizi na kuwa uvimbe. (2) Ndiyo, isipokuwa kipimo cha jeni kimethibitisha kwamba hayuko hatarini, kwa kuwa takribani 15 kati ya 100 walioathirika jicho moja wana hitilafu ya mwili mzima. (3) Kipande kilichokatika huenda kimebeba pia jeni ya WT1 iliyo jirani na PAX6, na kupotea kwa nakala yake moja humwacha mtoto katika hatari ya uvimbe wa Wilms.